Maputo ya Kumuaga Bi Sikitu

Mashine ya kunusa mitungi inayovuja ilikuwa ikilia tangu asubuhi, hata ilipoelekezwa ukutani.

"Imechoka, mama," alisema Kaluse, msimamizi wa karakana. "Tuistaafishe leo pamoja nawe."

Bi Sikitu, fundi aliyeihudumia mashine hiyo kwa miaka thelathini, alikuwa ameshabadilisha mpira na chujio, wapi! Akainua macho kwenye maputo waliyomtundikia ya kumuaga.

"Haya mmeyajaza gesi gani?"

"Heliamu, mama. Ile ile inayonuswa na mashine tunapopima mitungi."

Bi Sikitu akacheka hadi akashika kiuno. Akayatoa maputo yote nje, akafungua milango. Kelele ikafifia, mshale wa mashine ukalala kwenye sifuri.

"Haya, nani kachoka?" aliuliza kutoka mlangoni.

Akaziachia nyuzi za maputo, akaingia ndani kulivaa tena koti lake la kazi.