Kujitambulisha

Jioni ile wabunifu wa mji walikuwa na mkutano wao, na Shemsa, mwanafunzi wa ubunifu wa samani, aliogopa kuzungumza na watu asiowajua. Akaenda kujizoeza kwa baba yake, Mzee Makame, ambaye tangu masika alikuwa ameanza kusahausahau mambo.

"Baba, jifanye wewe ni mwenye kampuni," alimwambia. Akatoka nje, akabisha hodi, akaingia akitabasamu.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Shemsa. Nabuni viti." Akampa kadi aliyoichora kwa mkono wake.

Mzee aliinuka kwa adabu. "Marahaba, binti. Karibu sana." Aliigeuza kadi mbele na nyuma. "Kazi safi hii."

Shemsa akacheka. "Baba, umeniweza!"

Mzee hakucheka. Aliitia kadi mfukoni polepole. "Nitamwekea binti yangu. Naye hachoki kuchora viti. Keti umngoje, mfahamiane. Hachelewi kurudi."

Shemsa alitaka kusema, "Ni mimi, baba," lakini badala yake akavuta kiti. Aliketi kando ya baba yake, na wote wawili wakawa wanautazama mlango.