Usafi wa Kwao Korongo

Baridi ilipomkimbiza kutoka kwao ng'ambo, Korongo alitua kwenye jalala la jiji letu, akakunja uso.

"Viumbe gani ninyi? Jiji letu lina mamilioni ya watu kama lenu, lakini barabarani huoni hata karatasi!"

Kunguru, mzaliwa wa jalala hilo, alijizuia asimdonoe. "Vyombo vyenu vikiharibika mnavipeleka wapi, bwana mkubwa?"

"Vinapakiwa melini. Vinakoshushwa hakunihusu."

Kunguru akafukua taka kwa hasira mpaka likachomoza dishi kuukuu la televisheni, vijiti vya kiota vimeng'ang'ania juu yake. Korongo akatoa macho.

"Hilo lilikuwa kwenye paa la kwetu! Mama alinilelea humo!"

"Basi karibu nyumbani," Kunguru akafoka. "Ufagio ule pale."