Simba wa Marehemu Kihiyo

Siku hizo, marehemu aliyeteremka chini ya majibu kumi ya kwanza kwenye mtambo wa kutafutia habari mtandaoni alifutwa kote: picha zake, sauti yake, hata jina lake katika simu za wanawe. Bi Tunu aliambiwa kwamba mumewe, Salehe Kihiyo, fundi baiskeli, ameshashuka hadi nafasi ya tisa.

Ukurasa wa mumewe mtandaoni Bi Tunu aliuandika mwenyewe. Alieleza kwamba tangu siku chai ilipomuunguza ulimi akiwa bi harusi, Salehe hakuwahi kumpa kikombe bila kukipuliza kwanza, miaka thelathini na minne.

"Mama, haya hayatafutwi na mtu," alisema binti yake, Mwanahawa, ambaye kazi yake ilikuwa kupandisha kurasa za watu. "Watu wanatafuta simba, ajali, mapenzi ya siri."

"Baba yako simba hakuwahi kumwona hata kwa mbali."

"Basi tumwache afutwe?"

Bi Tunu akamsogezea simu. Mwanahawa akaifuta habari ya chai, akaandika kwamba baba yake aliwahi kuua simba kwa spana ya baiskeli. Kufikia Ijumaa Salehe alikuwa wa kwanza. Kwenye khitma, majirani waliomjua maisha yao yote walimsifia ushujaa, na Bi Tunu akaitikia, maana kukanusha kungemshusha tena.

Miaka mitatu baadaye, wamekaa barazani, Mwanahawa alimmiminia mama yake chai.

"Hivi Mama, yule simba Baba alimuulia wapi? Nimesahau."

Bi Tunu akamtazama usoni. Hakuwa akitania.

"Handeni," akajibu, akainamia kikombe, akakipuliza mwenyewe.