Pindo la Kanga

Bi Hidaya alimwekea mke wa mwanawe kidonge kiganjani, akamsogezea glasi ya maji.

"Meza, mwanangu. Vidonge hivi ndivyo vilivyoniponya mimi kifua."

Nasra, mwenye mimba ya miezi mitano, aliomba pakiti. Kundi la majirani kwenye simu lilikuwa limeshaisifu dawa hiyo, lakini yeye aliliandika jina la dawa kwenye tovuti ya mamlaka ya dawa, akasoma mpaka mwisho.

"Siku hizi simu ndiyo mkunga?" Bi Hidaya alinuna.

Nasra alipiga magoti, akamrudishia kidonge kwa mikono miwili.

"Nisamehe, mama. Kinamdhuru mtoto tumboni. Simezi."

"Hata nusu?"

"Hata nusu."

Bi Hidaya alifungua fundo kwenye pindo la kanga yake, na pakiti zilizobakibaki za kila rangi zikamwagika mkekani, zile alizozoea kuwagawia wagonjwa wa mtaa mzima.

"Anza na hii nyeupe," alisema, sauti imemshuka. "Jana nilimpa Mama Shufaa."

Nasra alianza kuandika jina lake kwenye simu. Jua lilikuwa limeshapanda, na ng'ambo ya njia dirisha la Mama Shufaa lilikuwa bado limefungwa.