Wekundu wa Chini ya Ziwa

Mwanaidi alilipasua bomba kwa msumeno, na tope alilolichimba nalo chini ya ziwa la chumvi likalala mezani, tabaka juu ya tabaka. Nyeupe ilikuwa chumvi ya miaka shwari, nyekundu vumbi la dhoruba.

Baba yake, Mzee Shomari, aliinama kutazama huku akikohoa. Nje, mji mzima ulikuwa unahama kulikimbia vumbi. Punda wao naye alishapakiwa, ila mzee alikataa kuondoka kabla ya kusikia neno la bintiye.

"Vumbi hili lilishawahi kuja zamani?"

"Lilikuja, baba. Hili hapa."

"Likaisha?"

"Likaisha."

Uso wa mzee ukakunjuka. Mwanaidi alitaka kumwambia kwamba wekundu ule, mrefu kuliko mkono wake, ulidumu vizazi na vizazi kabla chumvi haijarudi, na kwamba huu wa sasa, pale juu, ndio kwanza unaanza.

"Nilijua tu," alisema mzee, akatoka.

Dirishani, Mwanaidi alimwona akifungua kamba, akashusha godoro mgongoni mwa punda, akalikung'uta kwa nguvu zake zote, mpaka vumbi likamfunika asionekane.