Kipande cha Sabuni

Ilikuwa mwaka wa 2024, majira ya kiangazi, vumbi la mtaa wa Rwambuzi, mjini Bunia, lilipokuwa limefunika hata migomba. Msichana wa kukusanya maoni alirudi kwa Musoki, kwani wakubwa wake walimtaka ahakikishe majibu ya nyumba moja katika kila kumi.

"Mama, mwezi uliopita nilikuuliza kama unakubali jeshi ishambulie vilima, kule waasi wanajificha. Ulisema ndiyo. Jibu iko ile ile?"

Musoki aliikumbuka siku ile. Askari wawili walikuwa wameketi kizingitini kwa jirani wakila mahindi ya kuchoma, na mmoja wao aliacha kutafuna ili asikie vizuri. Musoki, ambaye binti yake aliuza vitunguu huko huko vilimani, alijibu ndiyo, akapewa kipande cha sabuni ya bluu kwa shukrani. Wiki iliyofuata redio ilitangaza kwamba watu tisa kati ya kumi mjini Bunia walitaka mashambulizi yaanze. Yakaanza.

"Andika hapana."

"Sasa, mama, mbona weye ulisema ndiyo?"

"Nilikuwa namujibu yule askari."

Musoki aliingia ndani, akatoka na kipande kipya cha sabuni ya bluu, kingali kimefungwa katika karatasi yake.

"Mama, ile tulikupa ni yako. Haturudishiwi."

"Ile ilikwisha yote tulipouosha mwili wa binti yangu," alisema Musoki, akaufumbua mkono wa msichana, akaiweka sabuni kiganjani, akavifunga vidole vyake kimoja kimoja.