Kibao cha Mama Opiyo

Kibao kilirudi mara ya pili siku ya Alhamisi, kimefungwa kwa leso, juu ya kichwa cha Achola muuza samaki.

"Amesema inalia," Achola alisema, akikitua kwenye benchi la fundi Obiero. "Ukiizungusha tu, inalia kama mlango ya choo."

Obiero akaitupa randa kwenye vumbi la mbao. Miaka ishirini alikuwa na karakana hapa Kondele. Alikuwa amewaundia watu vitanda, makabati, hata jeneza la chifu, na hakuna kazi yake iliyowahi kurudi. Leo kijibao cha kuzunguka, kitu cha kuwekwa katikati ya meza ili sahani zimfikie kila mtu, kimemrudia mara mbili. Mara ya kwanza alitumia skrubu ndefu, ncha zikatokeza juu. Sasa hili.

"Mama Opiyo anajua nini juu ya beringi?"

"Anajua umeweka ile kuukuu ya bodaboda. Na amesema umepaka mafuta ya kupikia, si grisi."

Ilikuwa kweli. Kilichomchoma ni kwamba mwanamke yule alijua yote hayo bila kufungua hata skrubu moja.

"Na hii kibao ni ya nini kwanza? Mtu si anaomba tu chumvi, anapewa?"

"Kwa hiyo meza watu hawaongeleshani, fundi. Tangu Pasaka. Kuna mtu alisema mbele ya wageni ati samaki yake haina chumvi, ati hiyo ni ya kulisha paka. Sasa hakuna mwenye anaomba mwenzake kitu. Kila mtu anataka avute sahani yake, akule, aende."

"Labda kweli chumvi haikuwepo."

"Labda. Lakini mbele ya wageni?"

Obiero akaokota randa, akaipuliza vumbi kwa nguvu kuliko ilivyohitaji. Achola alikuwa ameshaanza kujifunga leso yake kiunoni.

"Mimi nimechoka kubeba maneno na mbao," alisema. "Kazi ya ushenga nilimaliza zamani. Sikia, hii ya tatu ndio mwisho. Ikilia tena, Jumamosi anaenda kwa kaka yake Luanda Kotieno. Na amesema harudi."

"Aende."

"Nimpelekee hiyo jibu?"

Fundi alishika bisibisi, akaiweka chini, akaishika tena. Meza ya Mama Opiyo aliiunda yeye, kwa mvule, wakati bado ana nywele nyeusi. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kidogo na hakuna aliyewahi kulalamika.

"Mwambie angoje Jumamosi," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeng'olewa jino.

Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Kiragu wa duka la vifaa alipomwona Obiero akiingia alitabasamu mpaka jino la mwisho.

"Si nilikuambia siku ya kwanza, mzee? Beringi ya pikipiki ni ya pikipiki." Akampangia tatu kwenye kaunta. Kulikuwa na ndogo ya inchi tatu, ambayo Kiragu mwenyewe alisema haibebi zaidi ya chupa ya sosi. Kulikuwa na duara kubwa la alumini. Na kulikuwa na mabati mawili ya mraba, inchi sita, yameshikana huku gololi zikiteleza katikati yake bila kelele. "Meza ni ya watu wangapi?"

"Wawili."

"Wawili tu, na unahangaika hivi?"

"Nimekuja kutafuta beringi, Kiragu. Ushauri niko nao nyumbani."

Akachukua ya mraba. Ijumaa nzima alifanya kazi bila kuimba. Alifunga bati la chini kwenye kitako, kisha akatoboa kitako tundu pana la kupitisha bisibisi, ili akizungusha azifikie skrubu za bati la juu moja baada ya nyingine. Safari hii aliweka skrubu fupi, na kila moja aliipa tusi lake. Chini alibandika vipande vya mpira wa viatu vya akala kisiteleze. Alipokisukuma kilizunguka kimya, na kimya hicho nacho kikamkasirisha.

Jumamosi mchana alikibeba mwenyewe hadi kwa Mama Opiyo, Obunga. Achola alikuwa ametangulia, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Kando yake palikuwa na mfuko wa safari, zipu imefungwa.

Mama Opiyo hakumsalimu Obiero, wala Obiero hakumsalimu. Alikitua kibao katikati ya meza, akasimama na mikono yake kiunoni, tayari kwa vita.

Mama Opiyo alikigonga, akainama kutazama chini yake, akapapasa juu kama kuna ncha ya skrubu. Kisha akaanza kukipakia, kama anayetaka kujua mwisho wa nguvu zake. Aliweka sahani ya ugali, bakuli la sukuma wiki, kikombe cha chumvi, na samaki mzima, ngege, aliyetoka jikoni sasa hivi. Akakisukuma kwa kidole kimoja.

Hakikulia. Chumvi ilipita, ugali ukapita, na samaki akasimama mbele ya Obiero, kichwa kikimwelekea yeye.

Mama Opiyo akavuta kiti na kuketi upande wa pili.

"Mgeni yuko hapa, anasikia," akamwambia mumewe, akimwonyesha Achola kwa kidevu. "Onja, Baba Opiyo. Mwambie kama chumvi iko."